Probox ya nusu tanki: siku tano kutoka Kisumu hadi Mfangano kwa boti na gari za kukodi

Siku ya 1, Jumatano. Nakuru hadi Kisumu

Hii safari ililetwa na binamu yetu wa meli. Anafanya kazi jikoni kwa meli kubwa ya watalii huko Karibiani, na akirudi likizo Nakuru wiki ya kwanza ni kulala, ya pili anaanza kusumbua watu. Mwaka huu akaamka na wazo ati na sisi tufanye kruzi yetu, Ziwa Victoria, tunapanda boti Kisumu, tunatua hapa na pale, na kila tukitua tunakodi gari tunazunguka alafu tunarudi kwa boti. Kakangu akamuuliza kwa nini tusiende na gari yangu tu tupande feri ya Luanda K'Otieno kama watu wengine. Gari yangu ni Vitz, iko chini, na giaboksi imeanza kunung'unika tangu Krismasi. Hapo mjadala ukaisha.

Tuko wanne. Mimi, kakangu (ndo dereva), binamu (ndo kelele), na mama, miaka 68, ambaye hakuna mtu alikuwa amemualika lakini alisikia neno boti akaenda kutoa begi juu ya kabati.

Matatu ya Nakuru Kisumu ni kama kilomita 180 hivi kupitia Mau Summit na Kericho, sina mengi ya kusema, baridi mpaka Kericho, jasho kuanzia Awasi. Jioni tulikula ngege (tilapia) Dunga, bichi ya Kisumu, na osuga (mnavu) na ugali wa wimbi, mama akatoa miiba yote akaipanga kando ya sahani kama mtu anahesabu kura.

Hapo Dunga ndo tulipatana na kapteni. Mzee mtulivu, kofia ya manyoya kichwani hata joto likiwa hivo. Binamu akaanza kumpangia ratiba ya kruzi, saa ngapi tunatoka, saa ngapi tunarudi botini, na kapteni akamsikiliza mpaka mwisho kisha akasema tu, "Kijana, asubuhi upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani, umelala. Mchana jua likishachoma, unageuka, unakuja na mawimbi. Mimi natembea asubuhi." Binamu akasema sawa. Nawaambia mapema, hiyo sentensi ya mzee ndo ilikuwa ratiba yenyewe, tungeiandika mahali.

Bei ya boti sisemi, ilikuwa harambee ya watu watatu na mama akatoa soda.

Siku ya 2, Alhamisi. Dunga hadi Kendu Bay

Saa kumi na mbili na nusu tuko ndani, laifu jaketi zimefungwa. Kutoka Dunga gugu maji lilikuwa limejaa, boti inaenda polepole, kijana wa kapteni ameshika mti anasukuma, na mara tatu walizima injini wakaiinua kutoa mizizi kwa propela. Ukishatoka hapo maji yanafunguka na unaona Kisumu inabaki nyuma ikiwa ndogo ndogo, mabati yanang'aa.

Kendu Bay tulifika mapema tukatafuta gari ya kwenda Simbi Nyaima, lile ziwa la shimoni karibu na mji. Hapa hatukutaka kuendesha wenyewe, tulichukua gari na dereva wake, tukapatana bei ya gari nzima, yaani tumeinunua yote, viti vyote. Wacha niseme hivi, maana ya "gari nzima" inategemea wewe na dereva mmelelewa wapi. Hatujatoka mjini akasimama, akaingia mama mmoja na debe la omena. "Huyu ni mama mdogo wangu," akatuambia. Sawa, mama mdogo ni mama mdogo. Mbele kidogo akapanda kijana na gunia la makaa likawekwa kwa buti. Kakangu akauliza na huyu? "Huyu ni jirani ya mama mdogo." Mama akaanza kucheka, akasonga, na kufikia Simbi walikuwa wameshapeana namba za simu na yule wa omena.

Ziwa lenyewe ni la magadi, kijani, halina mto unaoingia, na wakati mwingine flamingo wanakuja. Siku yetu walikuwepo wachache upande wa mbali. Hadithi alitupa dereva, ya bibi kizee aliyefika kijijini usiku kukiwa na sherehe, akafukuzwa kila mlango, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea. Yule bibi akamwambia yule mwanamke aondoke usiku huo huo, mvua ikanyesha na kijiji chote kikazama. Simbi Nyaima maana yake ndo hiyo, kijiji kilichozama. Mama alisikiliza mpaka mwisho akamgeukia binamu, "Unaona? Na wewe ukiniona kwa mlango wako unasema hauko."

Tulilala Kendu Bay. Usiku binamu akatupatia somo la kukodi gari bandarini, na ukweli lilikuwa zuri. Anasema kule Karibiani meli ikishusha watu, wengine wanachukua ziara za meli yenyewe, wengine wanakodi gari zao nje ya geti kwa sababu ni rahisi zaidi. Ukichelewa ukiwa kwa ziara ya meli watakungoja. Ukichelewa na gari yako ya kukodi, hiyo ni shida yako, meli inang'oa nanga, na hata wafanyakazi wanatoka kuangalia watu wakikimbia gatini na mifuko huku walio juu wanawapigia makofi. Na saa ya meli si lazima iwe saa ya kisiwa, zinaweza kuachana kwa saa nzima, watu wanakosa meli hivo wakiwa na uhakika kabisa wako mapema. Akasema kisiwa kimoja cha Wamarekani, St. Thomas, wanaendesha upande wa kushoto kama sisi lakini gari zina usukani kushoto kama za Marekani, kwa hivo dereva anakaa kando ya nyasi na ukitaka kuovateki unamuuliza abiria kama njia iko wazi. Kakangu hakuamini. Mimi niliamini, binamu akidanganya huwa anaongeza mwanamke kwa hadithi.

Siku ya 3, Ijumaa. Kendu Bay, Mbita, Rusinga

Hii ndo siku.

Tuliondoka giza bado halijatoka vizuri. Mlima Homa upande wa kushoto, mweusi, alafu ukapata mstari mwekundu juu, alafu wote ukawaka. Mama alijifunga leso kichwani akaanza wimbo wa kanisa polepole na kapteni akamfuata kwa Dholuo, wimbo ni mmoja maneno mbalimbali, na injini chini yao. Sikutoa simu. Safari ni ndefu, mgongo unajua, kile kiti cha boti ni ubao tu.

Mbita tumefika kama saa nne. Mpango: tukodi gari, tuzunguke Rusinga, saa nane tuwe botini tuvuke kwenda Mfangano tulale huko, chumba cha Sena tumeshalipia nusu. Kapteni akarudia mara mbili, saa nane. Ikipita saa nane, basi ni kesho.

Gari ilikuwa Probox nyeupe. Tulipewa na kijana wa mwenyewe, 3,500 kwa siku, dipoziti 5,000, mafuta juu yako, rudisha kama ulivyochukua. Kakangu hapo alikuwa na akili, alifanya kila kitu binamu alisema. Akapiga video kuzunguka gari yote, mikwaruzo, kioo cha kando kilichoshikwa na selotepu, tairi moja moja. Akatoa spea akaigonga na ngumi, akaangalia jeki na wilispana ziko. Akasoma stika ya bima, na hili msiliruke, gari ikiwa na bima ya matumizi ya binafsi alafu wewe umeikodi kwa pesa, siku ya ajali kampuni ya bima itakuuliza ulikuwa unafanya nini ndani. Ya huyu ilikuwa imeandikwa ya kukodisha. Akauliza trekka, kijana akasema iko, na mwenyewe akitaka anaizima gari akiwa kitandani. Vizuri. Ndani akapiga video ya dashibodi, kilomita, mafuta nusu tanki. "Nusu," kijana akasema. "Nusu," kakangu akasema. Wakapeana mkono.

Mama alikuwa ameshakaa mbele. Akasema, "Huo mshale haushuki?"

Kakangu akamwambia mama hiyo ni nusu, nusu inatosha Rusinga mara tatu.

"Nimeuliza kama haushuki."

Tukaondoka.

Kuingia Rusinga siku hizi unapita daraja. Zamani hapo palikuwa na tuta la mawe na udongo, lilijengwa miaka ya themanini, watu wakapata barabara lakini maji yakafungwa, samaki na uchafu vyote vikakwama upande mmoja. Sasa boti zinapita chini na Probox inapita juu. Barabara ya kuzunguka kisiwa ni ya changarawe sehemu nyingi, bahati hakukuwa kumenyesha, na kote kuna omena zimeanikwa kwa nyavu chini, unaendesha madirisha wazi na harufu inaingia inakaa nawe kama abiria wa tano.

Kaburi la Tom Mboya tulilipata bila kuuliza mtu. Jengo lenyewe limechongwa kama risasi. Unasimama nje unaliangalia, hakuna haja ya kuelezwa. Alizaliwa 1930, akapigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, alikuwa waziri wa mipango ya uchumi, hajafika miaka 39. Binamu alikuwa anasoma hizo tarehe kwa simu kwa sauti na mama akamwambia nyamaza. Akasema ilikuwa Jumamosi. Yeye alikuwa msichana, wametumwa sokoni, wakirudi wakapata watu wazima wamesimama kwa nyumba ya jirani mwenye redio na hakuna anayeongea, hata watoto walioenda kuuliza chakula hawakufukuzwa. Miaka yote nimeishi na huyu mama, hii sikuwahi kuisikia. Alikaa ndani peke yake muda mrefu, sisi nje chini ya mti. Ile safari ya wanafunzi kwenda kusoma Marekani, ile Mboya alisimamia kuanzia 1959, mama anasema mwalimu wake wa shule ya upili alikuwa anaitaja kila wiki, na ndo maana yeye hakuacha shule. Nikaangalia saa, saa sita. Tuko sawa kabisa.

Upande wa nyuma wa kisiwa, kwa kilima kidogo, Probox ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Kakangu akaiwasha, ikazunguka bila kushika. Mshale unaonyesha nusu. Akafungua boneti, akaangalia vitu, akagusa waya za betri, akafunga boneti. Mshale nusu. Binamu akasema labda ni trekka, labda mwenyewe ameizima akiwa kitandani, tukampigia kijana akasema hapana hawajagusa kitu, "mko na mafuta?" Kakangu kwa hasira, "Tuko na nusu!" Kukawa kimya upande ule kidogo, unajua ile kimya ya mtu anatafuta maneno. "Sawa sawa. Hiyo... hiyo mshale wakati mwingine inakwama."

Mama hakusema kitu. Alishuka, akatafuta jiwe lenye kivuli, akakaa, akatoa ndizi.

Kakangu akapanda boda kutafuta petroli. Tukangoja. Binamu akatuambia (simu tena) ati hiki kisiwa ndo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa zamani sana, kama miaka milioni 18. Mama akasema huyo naye pengine alikuwa anangoja mafuta. Mtoto mmoja akaja akasimama akatuangalia, wakaja wengine wanne, mama akagawa ndizi.

Saa nane kasorobo ndo kakangu akatokea, ameshika chupa ya soda ya lita mbili imejaa petroli, ya pili iko katikati yake na mwenye boda. Kuimwaga bila faneli ni kazi, tulikata chupa ya maji tukatumia shingo yake, nusu ikaenda kwa viatu. Alafu gari haikuwaka mara moja, unajua ikikauka kabisa inabidi uzungushe na uzungushe mpaka mafuta yafike, na kila akizungusha watoto wanashangilia. Iliposhika ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Mbita tukafika saa tisa kasoro. Kapteni amekaa kwa kibanda, chai ya pili. Boti iko, kapteni yuko, binamu akakimbia mbele yetu sote na mabegi mawili kama wale watu wake wa gatini, "Mzee twende twende!" Mzee akamuonyesha ziwa kwa kidevu. Huko nje ya mlango wa ghuba maji yalikuwa yamebadilika rangi, na mistari myeupe inatembea kuja kwetu. Akasema, "Kaa unywe chai." Kwa hivo kruzi yetu meli ilitungoja vizuri sana, ni ziwa ndo halikungoja. Pesa ya chumba cha Sena ikaenda.

Kurudisha gari sasa. Kakangu alitia ya elfu moja stesheni hapo Mbita kwa heshima, mshale nusu. Akaipaki mbele ya kijana. Kijana akasema lakini mafuta mlichukua nusu. Kakangu akasema na nimerudisha nusu, angalia. Wakaangalia wote wawili, na mimi niliona yule kijana akipigana na uso wake. Akarudisha dipoziti, akakata 500 ya kuosha. Ya kuosha sikubishana, harufu ya omena na petroli si jambo la kukataa.

Usiku loji tukacheza ile video ya asubuhi. Kakangu mwenyewe ndo aliitafuta, anataka kuona alikosea wapi. Dashibodi inaonekana vizuri kabisa, kilomita, kioo, mshale nusu, na pembeni ya video mkono wa kijana, na ndani ya huo mkono, ufunguo. Gari imezimwa. Mshale wa gari imezimwa si unatakiwa uwe umelala chini?

Mama akasema, "Cheza tena." Tukacheza tena. Akaenda kulala.

Siku ya 4, Jumamosi. Mfangano

Saa kumi na mbili na nusu tuko majini, ziwa kama sahani, utafikiri jana ni uongo. Mfangano ni mlima umetoka majini, kijani mpaka juu.

Hapa binamu alikuwa amejiandaa kukodi gari. Kwa bichi ya Sena akauliza gari za kukodi ziko wapi, wakamcheka kwa upole. Gari kisiwani ni za kuhesabu na kila moja ina kazi yake, siku ile moja ilikuwa imeenda matanga na nyingine ilikuwa kwa fundi. Piki ndo usafiri. Tukachukua piki nne, na bei tulipatana kwa siku bila hadithi ya dipoziti wala spea. Mama alikuwa hajapanda piki tangu aanguke na moja Bondeni miaka ya nyuma. Akaangalia mwendeshaji wake juu mpaka chini, akamuuliza mama yake ni nani, anaenda kanisa gani, amekula. Kijana akajibu yote kwa adabu, "Ndiyo mama, nimekula." Akapanda. Waliongoza msafara siku nzima kwa mwendo wa ng'ombe na hakuna mwendeshaji mwingine alithubutu kuwapita.

Tulienda kuona michoro ya Mawanga, iko chini ya mwamba, miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe, na mingine miale kama jua. Inasemekana walichora Watwa, wawindaji waliokuwa hapa kabla ya Abasuba, na wenyeji wameihusisha na mvua tangu zamani. Kuna mingine Kwitone, juu mlimani, kakangu na binamu walipanda, mimi na mama tukabaki kwa makumbusho ya Abasuba ambapo mama alipata mtu wa kumwambia kuhusu Probox. Yule mama wa pale alisikiliza yote, akauliza swali moja tu, "Na hamkumsikiliza?" Nikaenda kuangalia vyungu.

Lugha ya Kisuba wazee ndo wanaizungumza, vijana wengi ni Dholuo. Sisi Dholuo yetu inaishia kwa erokamano, yaani asante, tuliitumia mpaka ikachakaa.

Tulilala Sena, chumba kingine, bei ileile tuliyopoteza jana.

Siku ya 5, Jumapili. Mfangano, Mbita, Luanda K'Otieno

Asubuhi mapema boti mpaka Mbita, na hapo mama akasema ubao wa boti yeye amemaliza, anapanda feri yenye viti. Tukaagana na kapteni. Alikataa tip mara mbili akachukua ya tatu, na akamwambia binamu akirudi kule kwa meli yake awasalimie.

Feri mpaka Luanda K'Otieno haifiki hata saa nzima. Chini malori na gari ndogo, juu watu na kuku. Binamu alikaa kimya, nafikiri alikuwa anaona watu wakiingia na gari zao raha mustarehe na hakutaka mtu ataje Vitz. Kakangu aliitaja.

Luanda tulitaka gari ya kwenda moja kwa moja Kisumu, na hapo bei ni ngumu kwa sababu mwenye gari anahesabu na kurudi mtupu. Tukapiga bei, yeye akisema ya kwenda na kurudi, sisi tukisema ya kwenda, mpaka kakangu akamuonyesha kwamba ni Jumapili na feri imemwaga watu, hawezi kurudi mtupu hata akitaka. Akapunguza elfu moja. Tena Probox, ya rangi ya maziwa.

Dereva akafungua milango, mabegi yakaingia, binamu akakaa, mimi nikakaa. Mama akabaki nje. Ameshika mlango wa mbele, ameinama, anaangalia dashibodi.

"Mama ingia, mafuta iko ya kutosha," dereva akasema.

"Ufunguo uko wapi?"

"Huu hapa."

Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Mama akauangalia kidogo, akanyooka, akaweka mkono kiunoni.

"Haya washa. Nione ukipanda."